Beringi ya Gurudumu: Maneno kwa Mkulima Apakiaye Mazao Yake katika Lori Kuukuu

Ndugu mkulima, huenda huna lori, wala hutazamii kuwa nalo. Walakini magunia yako ya mahindi, karanga na mpunga, pamoja na marobota yako ya tumbaku, hupanda lori la mtu mwingine kila mwaka, na mara nyingi nawe mwenyewe hukaa karibu na dereva, au juu ya mzigo. Kwa hiyo jambo hili lakuhusu sawasawa na mwenye lori. Beringi ikifa katikati ya Tura na Tabora, mwenye lori hupoteza chuma, lakini wewe waweza kupoteza mavuno ya mwaka mzima. Na gurudumu likichomoka lori likiwa mbioni, waweza kupoteza uhai.

Njia hiyo ya Tura na Tabora, na ile iendeleayo mpaka Ujiji, ni njia ya misafara ya zamani. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ilichukuliwa mabegani na vichwani na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Si kwamba gurudumu halikujaribiwa. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society waliondoka pwani ya Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakikusudia kufika Ujiji; lakini ng'ombe walikufa kwa mbung'o, magari yakaachwa, nao wakaingia Ujiji mwaka 1878 kwa msaada wa wapagazi kama watu wote. Mpagazi alichukua kiasi cha kilo 30 hivi, naye aliujua mzigo wake. Ukizidishwa, aliuweka chini akagomba, na pengine akatoroka usiku. Lori haligombi. Hupokea kila gunia litupwalo juu yake, na malalamiko yake huyatoa kwa sauti ndogo, ambayo yakupasa ujifunze kuisikia.

Katikati ya gurudumu pana kitovu cha chuma ambacho mafundi hukiita habu. Habu huzunguka juu ya ncha ya ekseli, na ncha hiyo yenyewe haizunguki. Kama chuma kingesuguana na chuma chini ya uzito wa tani kadhaa, vyote viwili vingeshika moto baada ya mwendo mfupi. Ndiyo sababu zimewekwa beringi mbili kati yao, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Kila beringi ina pete ya nje iliyokazwa ndani ya habu, na pete ya ndani iliyovikwa ekseli. Kati ya pete hizo zimo rola, yaani vigogo vidogo vya chuma cha pua, navyo vimeshikwa na kizimba chembamba ili visigusane. Rola hizo upande mmoja ni nyembamba kuliko upande wa pili. Umbo hilo lilipewa hataza huko Marekani mwaka 1898, kwa Henry Timken, aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya farasi, na mwenzake Reginald Heinzelman. Kwa umbo hilo beringi huweza kuchukua uzito utokao juu, na pia msukumo wa pembeni lori linapokata kona. Lakini kwa umbo hilo hilo, kukaza nati yake ni kazi ya uangalifu mkubwa, kama utakavyoona mbele.

Sasa, ni kitu gani kiiuacho beringi? Wengi husema ni uzee. Uzee upo, lakini katika nchi hii ni nadra beringi kufa kwa uzee. Hufa kwa mzigo, kwa mchanga, kwa maji, na kwa mkono wa fundi mwenye haraka.

Tuanze na mzigo, maana hapo wewe mkulima una neno. Wahandisi wamepima wakaona kwamba maisha ya beringi ya rola hayapungui kwa kadiri ile ile mzigo unavyoongezwa. Hupungua upesi zaidi sana. Ukiongeza mzigo mara mbili, maisha ya beringi hayawi nusu, bali huwa sehemu moja tu ya kumi. Hata ukiongeza robo peke yake, maisha hupungua yakawa chini ya nusu. Fikiri lori lililoundwa kuchukua tani 5. Dereva anahesabu magunia 50 ya kilo 100, naye anaona hesabu yake ni halali. Lakini kama magunia hayo ni lumbesa, kila moja limeshindiliwa na kushonewa kilemba mpaka likafika kilo 125, lori limebeba tani 6 na robo, wala hakuna aliyeongeza gunia hata moja. Lumbesa imekatazwa na kanuni za vipimo kwa sababu humwibia mkulima. Wachache hutambua kwamba huiibia beringi pia. Tena magunia yakipangwa upande mmoja, au yote yakarundikwa nyuma kabisa, kuna gurudumu linalochukua sehemu ya mwenziwe, hata kama mzigo wote kwa jumla si mzito kupita kiasi.

Mchanga na maji huingia pamoja. Mlango wa habu kwa upande wa ndani umefungwa kwa pete ya mpira iitwayo sili. Sili ikichakaa, vumbi jepesi la kiangazi hupenya, likachanganyika na grisi, na grisi hiyo ikawa kama jiwe la kunolea kisu. Maji yana hila zaidi. Lori likienda mwendo mrefu habu hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Dereva akiingia mara moja katika maji ya baridi, kama yale yafunikayo barabara za mbugani tangu Novemba mpaka Aprili, hewa ile hunywea ghafula, na habu huvuta maji ndani kama mtu anyonyaye mrija. Afadhali dereva asimame kabla ya kivuko, watu wanyoshe miguu, gurudumu lipoe, ndipo avuke. Na kama maji yalifika juu ya habu, haifai kungoja mwisho wa masika: beringi zifunguliwe na kutiwa grisi mpya katika siku zile zile. Lori lililovuka mto kisha likaegeshwa miezi mitatu uani hupata kutu mistari mistari, mahali pale rola zilipolala, na mistari hiyo haiondoki kwa kusugua.

Mkono wa fundi tutaueleza katika kufunga.

Beringi haifi bila kutoa habari. Kwanza husikika uvumi, kama wa nyuki katika mzinga ulio mbali, ukizidi kwa kadiri lori linavyozidi mwendo, wala haubadiliki dereva akibadili gia. Kuujua upande ulipo, sikiliza katika kona. Lori likikata kona ya kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. Basi uvumi ukizidi hapo, itazame kwanza beringi ya kulia. Katika kona ya kulia ni kinyume chake. Uvumi ukigeuka kuwa mkwaruzo, au kishindo cha chuma kuvunjika, wakati wa kusikiliza umekwisha, simamisha lori.

Habari ya pili ni moto. Baada ya kwenda kilometa 15 au 20, lori linaposimama, shuka ukazunguke. Usikamate habu kwa kiganja, maana yaweza kukuunguza. Sogeza mgongo wa mkono polepole mpaka ugundue joto lake. Kisha fanya hivyo kwa gurudumu la upande wa pili lililo sawa nalo. Vuguvugu ni desturi. Lakini moja likiwa na moto na mwenziwe vuguvugu, pana jambo. Huenda ni breki inayoshika, huenda ni beringi. Vyote viwili vyahitaji fundi kabla ya safari kuendelea. Kuzunguka huku si kazi ya dereva na utingo peke yao. Mwenye mazao juu ya lori ana haki ya kuligusa gurudumu, wala dereva mwema hachukii akiona unafanya hivyo.

Habari ya tatu hutafutwa kwa jeki, lori likiwa tupu. Zuia magurudumu mengine kwa mawe au magogo, inua gurudumu unalolishuku, na weka gogo nene chini ya ekseli ili lori lisikae juu ya jeki peke yake. Zungusha gurudumu kwa mkono: likikwaruza au likishikashika, beringi imeharibika. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza sana, mtu mwingine akanyage breki, nawe tikisa tena. Kama mchezo umekoma, ulikuwa katika beringi. Kama upo bado, upo katika kingipini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Jaribio hili halina gharama, nalo limewaokoa watu wengi na kununua kitu kisichohitajiwa.

Tuseme sasa kwamba hayo yote hayakufanywa, na beringi imekufa njiani, saa kumi jioni, mbali na mji. Dereva atasema, "Twende polepole tu, tutafika." Usikubali. Kizimba kikivunjika, rola hulala upande, habu huyumba, na pete ya ndani huanza kuzunguka juu ya ekseli na kuila. Beringi ambayo ingegharimu fedha kidogo huwa sasa ni beringi, habu na ekseli. Mwisho wake ni gurudumu kuchomoka na kumpita dereva barabarani. Gurudumu la lori lenye tairi lina uzito unaoweza kumwua mtu aendaye kwa miguu au kwa baisikeli, naye hakuwa na sehemu katika safari yenu.

Basi lori liondolewe barabarani kadiri iwezekanavyo, matawi yenye majani yawekwe nyuma na mbele kuwaonya wengine, na magurudumu yazuiwe. Mawe mnayotumia myaondoe mtakapokwenda. Jiwe lililosahauliwa barabarani gizani ni hatari kuliko lori lenyewe. Mzigo ushushwe kabla ya jeki kutumiwa. Usiuweke chini juu ya udongo mtupu, kwa kuwa mchwa wa Unyamwezi hawangoji mwaliko, na unyevu hupanda usiku. Kata fito, uzilaze, panga magunia juu yake, na turubai lifunike yote. Tumbaku ndiyo ya kutunzwa kwanza, kwa sababu robota lililolowa hushushwa daraja au kukataliwa kabisa. Likipita lori jingine lenye nafasi, hamisha mazao. Kupatana nauli na dereva wa pili huuma, lakini mazao yaliyofika hulipa, na yaliyolala porini hayalipi.

Wakati huo beringi ifunguliwe, maana mtu atakayetumwa mjini hana budi kuchukua alama yake. Kila beringi imepigwa namba ubavuni mwa pete. Futa grisi, isome, uiandike katika karatasi pamoja na aina ya lori na gurudumu lenyewe, mbele au nyuma, ndani au nje. Beringi za vipimo vya milimeta huwa na namba moja kwa pete zote mbili. Kwa mfano ikiwa ni 32210, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, ndiyo milimeta 50. Malori mengi ya zamani ya Kiingereza na Kimarekani yana beringi za vipimo vya inchi, na hizo pete ya ndani ina namba yake na pete ya nje ina yake. Huyo mjumbe akiandika moja tu, atarudi na nusu ya beringi. Lililo bora ni kumpa beringi yenyewe, hata kama imevunjika, aifunge katika kitambaa aende nayo dukani. Namba ikiwa imefutika kwa moto, vipande vitapimwa.

Anunue beringi kamili, pete zote mbili, pamoja na sili mpya, pini mpya na kopo la grisi ya beringi za magurudumu. Kutia rola mpya juu ya pete ya nje ya zamani ni kupoteza fedha, kwa kuwa makovu ya pete ile yatazila rola katika muda mfupi. Aitazame pia beringi ndogo ya gurudumu lile lile. Mara nyingi hizo mbili huugua pamoja.

Kabla ya kufunga kipya, soma ugonjwa wa kile cha zamani. Rangi ya buluu au ya majani makavu yaonyesha moto mwingi, kwa kukosa grisi au kwa nati iliyokazwa mno. Mikwaruzo ya kijivu isiyong'aa ni mchanga. Vishimo vilivyobanduka kama ganda la mti ni uchovu wa chuma kwa sababu ya mzigo. Alama zilizoachana sawasawa, kwa kipimo kile kile cha rola, ni za kugongwa, ama kwa nyundo ama kwa mashimo ya barabara. Ukibadili beringi bila kuondoa kilichoiua, utaibadili tena.

Kisha itazame ekseli. Kama ni safi, na pete ya ndani huingia kwa kusukumwa na mkono bila kuchezacheza, kazi yaweza kufanyika pale pale. Kama imeliwa, au imegeuka buluu kwa moto, usiibebeshe mzigo tena. Hapa ndipo utakapoambiwa habari za kuzungushia kipande cha bati, au kupiga vidoti kwa patasi ili pete ikae imara. Yote mawili hufanya pete ikae kombo, na kazi hiyo haivumilii barabara. Habu ambayo pete ya nje yazunguka ndani yake nayo ni ya kubadilishwa.

Usafi ndio nusu ya kazi. Tandika turubai au gunia safi mbali na vumbi la barabara, ukate kwa tawi upepo utokao barabarani. Osha habu ndani kwa mafuta ya taa mpaka grisi ya zamani yote imetoka, uikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usitumie petroli karibu na moto wa kupikia chai. Pete ya nje iingizwe sawasawa pande zote, kwa kugonga kipande cha shaba au chuma laini, wala si nyundo juu ya pete yenyewe. Sauti ya mgongo hubadilika ikawa nzito pete inapofika mwisho wake.

Grisi itiwe kwa kiganja: kamua beringi juu ya grisi upande mpana mpaka itokee upande wa pili kati ya kila rola. Ndani ya habu yatosha kujaza theluthi moja au nusu ya nafasi. Ukijaza kabisa, grisi hukorogwa, hupata moto, na kutoka kupitia sili hadi kwenye breki. Usichanganye grisi ya aina mbili, hata zikiwa na rangi moja. Nta na samli ni mali njema za nchi hii, na ekseli za mbao za magari ya kale zilipakwa mafuta ya wanyama. Beringi ya chuma cha pua haikuundwa kwa vitu hivyo.

Sasa nati, ambayo ndipo fundi mwenye haraka aiuapo beringi mpya siku ile ile. Haikazwi kwa nguvu zote kama nati ya tairi. Ikaze kwa spana huku mwenzako akizungusha gurudumu, mpaka gurudumu liwe zito kidogo. Hapo rola zimekaa mahali pake. Kisha ilegeze robo ya mzunguko au chini yake, mpaka tundu la pini lilingane. Gurudumu lizunguke kwa wepesi, na ukitikisa tairi usikie mchezo mdogo sana, ambao jicho halitauona. Katika magurudumu mengi ya malori mchezo huo ni kati ya sehemu 25 na 125 za elfu za milimeta. Kitabu cha lori kikiwapo, kifuatwe chenyewe. Ukilazimika kuchagua kati ya tundu la pini lililo mbele na lililo nyuma, chagua lile lilegezalo. Tia pini mpya ya miguu miwili, uipinde miguu. Msumari si pini, wala waya wa uzio.

Mwenye mkokoteni wa ng'ombe uliofungwa ekseli ya gari kuukuu atayakuta mambo haya haya, isipokuwa mzigo na mwendo wake ni mdogo, nayo beringi humvumilia zaidi. Naye afungue habu mara moja kwa mwaka, mavuno yakiisha.

Lori likiisha kufungwa, lisipakiwe mara moja. Liendeshwe tupu kilometa 5 hivi, lisimame, habu iguswe. Joto kidogo katika beringi mpya si kitu cha kuogopa. Kisha lipakiwe, na baada ya kilometa 50 liguswe tena, nati za tairi zikazwe upya, na jioni ya siku hiyo gurudumu liinuliwe kwa jeki na kutikiswa, maana pete mpya huweza kukaa zaidi ndani ya habu baada ya kupata mzigo, na nati ikahitaji kusogezwa tundu moja.